Pumzi za Watu Kabatini kwa Mwalimu

Juzi mjukuu wangu kaleta fundi apake chokaa ukuta wa uani. Fundi akamimina maji kwenye pipa, chokaa ikaanza kutokota yenyewe bila moto, na ule mvuke wake mkali ukanifuata mpaka jikoni nilikokuwa nachambua mchele. Mimi mtu mzima, mwenye mvi na magoti mabovu, nikajikuta nimebana pumzi na kujiziba mdomo kwa khanga. Mjukuu akaniona. "Bibi, kifua kimekubana?" Nikamwambia sina kifua mimi, aende akamwangalie fundi wake asije akaondoka na chokaa nusu. Ningemweleza nini? Kwamba sitaki pumzi yangu iende upande wa lile pipa? Angenibeba hospitali siku hiyo hiyo.

Lakini nyie wenzangu mliokulia kwenye migomba ya Rungwe wakati Mwingereza bado yupo, nyie mtanielewa. Sisi tulilelewa tukijua kwamba pumzi si kitu cha kuchezea. Mtu akiwaudhi majirani, akila peke yake, akijivuna, hakuna aliyepoteza nguvu zake kumpiga. Watu walinung'unika tu. Wamekaa jioni, huyu anasema lake, yule anaguna, na yale manung'uniko yakishatoka vinywani yalijua njia ya kwenda kwake. Mhusika alishikwa na baridi, akatetemeka, kifua kikambana. Tulisema kapatwa na pumzi ya watu. Dawa yake nayo ilijulikana. Walionuna waitwe, kila mmoja aseme mbele ya mgonjwa kilichomuudhi, kisha apige funda la maji na kuyapuliza chini, hasira itoke nayo. Kanisani walitukataza kusema mambo hayo, basi tukaacha kuyasema tukiwa kanisani.

Sasa baba yangu alikuwa amerudi kutoka Chunya, kwenye dhahabu. Alikuwa kule miaka mingi, anatoboa mwamba chini ya ardhi, na aliporudi alirudi mtu. Koti refu, baiskeli yenye pampu yake, na mabati. Kijiji chetu chote kilikuwa cha nyasi na mianzi, nyumba yetu ikang'aa katikati ya migomba mpaka macho yanauma. Na nyie mnaijua mvua ya Rungwe, haijui kupumzika. Ikinyesha, yale mabati yaliunguruma kijiji kizima kikasikia. Watu wakasema, mwenzetu anatupigia ngoma tujue tumelala chini ya nyasi.

Kosa lake halikuwa mabati. Kosa lake hakuchinja. Kwa desturi yetu mtu akirudi na neema yake, majirani zake, wale wa rika lake aliochunga nao ndama, anawalisha kwanza. Baba alisema atachinja dume la ng'ombe mahindi yakishaingia ndani. Mahindi yakaingia, dume likaendelea kula majani. Mama alimkumbusha, akasema, "Nitachinja, kwani limekimbia?" Halafu kikohozi kikaanza.

Kilikuwa kikohozi kikavu, hakitoi kitu. Alikohoa akifunga kamba za viatu, akapanda kilima kidogo cha kisimani akasimama katikati ameshika mgomba. Usiku alilala ameketi. Mtu aliyekuwa akinirusha juu na kunidaka, sasa nikimkimbilia ananinyooshea kiganja nisimame. Mimi sikuuliza ana nini. Nilikuwa darasa la tatu, nilikuwa na akili zangu. Nilichotaka kujua ni nani.

Basi nikaanza kuangalia midomo ya watu. Jirani akija kumjulia hali, mimi nakaa pembeni najifanya nachezea magunzi, kumbe namtazama anavyohema. Huyu anavuta pumzi ndefu, kwa nini? Yule anaguna baada ya kila neno, anaguna nini? Niliyemshuku kuliko wote alikuwa baba yake Tusekile, rafiki yangu wa kukaa naye dawati moja. Alichunga na baba utotoni, wakatahayari pamoja mbele ya wachumba, wakajenga karibu karibu. Alikuja kila siku. Alikaa kwenye kigoda, akamtazama baba, hakusema kitu. Mtu asiyesema kitu, nilijiuliza, hayo maneno yake anayapeleka wapi?

Na wa pili niliyemshuku alikuwa Mwalimu.

Mwalimu wetu alikuwa mgeni, kijana wa Kihehe kutoka upande wa Iringa, mwembamba, kola yake safi siku zote. Kijiji hakikumwelewa. Alichemsha maji ya kunywa. Mtu akimtembelea, akishaondoka, yeye anasuuza kikombe kwa maji ya moto. Kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, hakuionja hata siku moja, na kwetu mtu asiyekunywa na wewe kuna kitu anakificha. Zile zilikuwa enzi za uvumi wa wachinjachinja, kwamba kuna watu wanatembea wakiwatafutia wazungu damu za watu. Mama zetu walisema, "Huyo naye analala peke yake kila siku, hana mke, hana ndugu, anaandika tu. Mwe! Haya."

Mimi nilikuwa na ushahidi wangu. Mwalimu akikutana na baba njiani, anamwamkia "Kamwene" ya kwao, halafu anasimama. Anainamisha kichwa upande, kama kuku aliyesikia mtama unamwagwa, na anamsikiliza baba akihema. Nilimwona kwa macho yangu. Hamsikilizi anavyozungumza, anamsikiliza akihema! Nikasema moyoni, huyu anazihesabu pumzi za baba yangu zilizobaki.

Siku moja akatuambia, "Kesho kila mmoja alete chupa tupu na mrija wa pombe."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mrija wa pombe shuleni! Kimpumu kinanywewa kwa mirija, chungu kimoja katikati, watu wamekizunguka, maji ya moto yanaongezwa. Na kila mwanaume alikuwa na mrija wake, ameuchomeka mahali pake ukutani, hauguswi na mdomo wa mtu mwingine. Mwalimu hakulijua hilo, au alilijua, mimi sikuwa na hakika. Akasema ukiwa na mwanzi mwembamba nao ni sawa, lakini watoto ni watoto, kesho yake karibu wote tulikuja na mirija ya baba zetu. Wa baba yangu ulikuwa na vumbi, hakuwa ameutumia muda mrefu. Mama aliniona nautoa. "Wa nini huo?" Nikasema ni wa somo. Akanitazama mpaka nikafika barabarani.

Mwalimu alikuwa amechukua chokaa iliyobaki tulipopaka madarasa, akailoweka kwenye ndoo, akaacha itulie, akachota maji ya juu. Maji safi kabisa, unaona vidole upande wa pili wa chupa. Akatumiminia kila mtu kidogo. "Maji haya yana nini?" Tukasema hayana kitu. "Haya, tumbukiza mrija. Usivute, ukivuta utaungua ulimi. Puliza taratibu."

Tukapuliza. Darasa zima likawa linabubujika kama vyungu jikoni. Na maji yakaanza kubadilika. Mtoto mmoja akapiga kelele, kisha mwingine. Yaliingia ukungu, kisha yakawa kama maji ya kuoshea mchele. Ya Tusekile yakawa maziwa. Maziwa kabisa! Alikuwa amevimbisha mashavu, anapuliza kwa raha zake, macho yamemtoka.

Mimi yangu yalichafuka kidogo tu. Sikupuliza ipasavyo. Nilijua pumzi ni nini mimi, siwezi kuitoa hivi hivi nikampa mtu kwenye chupa. Mwalimu akaja akasimama juu yangu. "Atupele, puliza! Unaogopa nini?" Nikavimbisha mashavu nikapulizia pembeni ya mrija.

Halafu akachukua pampu ya baiskeli, akaiunganisha na mrija kwenye chupa nyingine, akapampu na kupampu. Maji hayakubadilika. Akatugeukia kwa furaha, "Mmeona? Hewa ya nje haina kitu. Hewa inayotoka ndani yenu ina uchafu, na chokaa inauonyesha." Watoto wakashangaa. Mimi sikushangaa hata kidogo. Pampu itakuwa na uchafu gani wakati haimchukii mtu?

Kama angeishia hapo, pengine yangekwisha. Lakini akaziba kila chupa kwa gunzi, akakata vikaratasi, akaandika majina yetu na kuvibandika kwa uji. Akazipanga kabatini, akafunga kufuli, funguo akatia mfukoni. "Kesho mtaona kilichotuama." Nilimtazama anavyoufunga ule mlango. Pumzi ya kila nyumba ya kijiji, imetoka kwa mrija wa mwenye nyumba, ina jina, iko ndani ya kabati la Mhehe asiyekunywa na watu.

Tulipokuwa tunarudi, Tusekile alitaka kunishika mkono kama siku zote. Nikauvuta. "Una nini?" akauliza. Nikamwambia, "Pumzi yako nyeupe sana. Ya kwenu wote ndivyo ilivyo." Alikuwa mtoto mpole Tusekile, lakini aliyekuambia mpole hana ulimi ni nani? Akasimama katikati ya njia. "Na yako haikutoka kwa sababu wewe ni mchoyo kama baba yako! Dume mnalo na hamchinji. Hata nyumbani wanasema."

Hata nyumbani wanasema! Nilikimbia mpaka jikoni kwa mama. Nikamwaga yote, chupa, kufuli, maziwa ya Tusekile, na neno la Tusekile. Nilitegemea mama atapiga kelele, au atashika mchi aende. Aliacha mwiko ndani ya chungu, akanishika mabega kwa mikono yote miwili. "Kasema hivyo? Wanasema nyumbani?" Nikasema ndiyo. Mama akafurahi. Naapa, alifurahi. Uso wote ulifunguka, akakaa chini kwenye majivu na khanga yake nzuri. Alikuwa ameuguza kikohozi miezi na miezi bila kujua amwendee nani, na sasa kampata.

Si mimi peke yangu niliyefikisha habari nyumbani. Asubuhi kengele ya shule ilipogongwa, waliokuja walikuwa wazee. Walisimama uani na fimbo zao, wametangulizwa na Mzee Ambilikile, mkubwa wa kijiji, na sisi watoto tumejificha nyuma yao. Kiswahili cha Mzee Ambilikile kilikuwa cha kukatakata, lakini siku ile kilitosha. "Mwalimu, sisi tunataka chupa zetu."

Mwalimu alikuwa amepauka kama aliyepakwa chokaa. "Wazee wangu, ni somo. Ni somo la kupumua."

"Kupumua tunajua. Fungua."

Akatoa funguo mfukoni, akafungua kufuli. Kabati likafunguka, na wote tukarudi nyuma hatua moja. Maji yalikuwa yamerudi kuwa safi. Lakini chini ya kila chupa kulikuwa na unga mweupe, umelala, umetulia. Mzee Ambilikile akapiga magoti, akausogezea jicho. "Ndiyo yenyewe," akasema kwa Kinyakyusa, taratibu. "Imetua."

"Ni chokaa hiyo, mzee!" Mwalimu akalalamika. "Imekutana na hewa ya pumzi, ikaganda, basi!"

"Ndivyo nilivyosema. Iliyo nyingi ni ya nani?"

Hakuna aliyehitaji kusoma. Watoto wote tulijua. Macho yakamwendea baba yake Tusekile, aliyekuwa amesimama mwisho kabisa, karibu na mlingoti wa bendera. Tusekile akaanza kulia. Baba yake hakukasirika, na hilo lilinisumbua. Aliutazama ule unga muda mrefu, akavua kofia.

"Mwiteni mwenzangu," akasema.

Baba akaja akiegemea baiskeli, hakuipanda, aliisukuma kama mkongojo. Mama nyuma yake na kibuyu cha maji. Wakamweka kwenye kiti cha Mwalimu pale barazani. Baba yake Tusekile akasimama mbele yake na kusema, mbele ya watu wote, "Ni kweli nilinung'unika. Tulichunga pamoja. Nilipokosa chumvi ulinipa yako. Umerudi, ukapanda juu, ukatusahau huku chini. Mvua ikinyesha na mabati yako yakilia nasema, haya, na yamwangukie. Nilisema. Na nyumbani nilisema." Akapiga funda la maji, akayapuliza chini, fuu! "Imetoka, ndugu yangu. Pona."

Na mwingine akaja. Na mwingine. Hata Mzee Ambilikile akakiri kwamba alichukia lile koti. Shangazi yangu mwenyewe, dada wa baba wa tumbo moja, akasema alinuna kwa sababu hakuletewa kitambaa. Nilikuwa naangalia midomo, safari hii yote iko wazi, nikaona kumbe wote! Hakuna hata mmoja niliyemshuku bure. Nilijisikia vizuri kweli kweli. Chupa zikamwagwa kwenye migomba, kila mwenye mrija akachukua mrija wake, na baba, kwa ile sauti yake ya kukatika katika, akasema, "Jamani nisameheni. Nilidhani dume linaweza kungoja."

Lilichinjwa. Mama alipika kimpumu, vyungu vikazungukwa, nyama ikaliwa mpaka mbwa wakasusa. Mwalimu aliitwa, akaja, na siku hiyo akapewa mrija akanywa, kwa uso wa mtu anayekunywa dawa, watu wakacheka mpaka basi. Mimi na Tusekile tulilala chini ya ngozi moja tumeshiba. Baba alicheka pia. Alikohoa, akacheka, watu wakaambiana, "Mnaona? Ameanza."

Tukaanza kungoja apone. Asubuhi mama anamwuliza, vipi leo? Anasema leo afadhali. Kesho afadhali. Kila siku ni afadhali, na kilima cha kisimani hakipandi. Nikaanza tena kushuku. Kuna mtu hajasema yote. Nilimwambia mama, akanikaripia nikae kimya, lakini nilimwona naye anawatazama wageni midomoni.

Shuleni nako Mwalimu alikuwa amepata moyo. Alileta chupa kubwa ya kioo yenye tumbo, akaijaza maji, akaipindua ndani ya karai lililojaa maji, na chini yake akapitisha mpira mwembamba aliouomba zahanati. Vuta pumzi mpaka mwisho, kisha puliza kwenye mpira yote uliyonayo. Pumzi inapanda ndani ya chupa, inasukuma maji yanashuka, na unaona kwa macho kifua chako kina ukubwa gani. Tulishindana siku kutwa. Safari hii nilipuliza kwa nguvu zote, maji yakashuka mpaka karibu na nusu, Tusekile akanipita kidogo, nikanuna. Nyumbani nikasimulia. Baba akaacha kula.

"Inaonyesha?" akauliza.

"Inaonyesha, tata. Hata kwa mtu mzima."

Jioni ya siku iliyofuata, watoto wakiwa wametawanyika, alikuja shuleni na mama. Mwalimu alikuwa anafuta ubao. Baba akamwambia, "Nataka kuona kama imerudi. Wamesema wote. Sasa mimi nataka kuona."

Mwalimu alisitasita, kisha akaijaza chupa, akaipindua, akamfutia mpira kwa kitambaa. Baba akavua koti lake, akampa mama. Niliona mbavu zake zilivyotoka, maana nyumbani alikuwa anajifunika. Akavuta hewa, ikakwama, akakohoa. Akatulia. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikasimama, akapuliza.

Maji yalishuka vidole viwili hivi. Yakasimama.

"Sikupuliza vizuri," akasema. Mwalimu akaijaza tena. Baba akapuliza mpaka macho yakamtoka machozi, na maji yakashuka vidole vile vile viwili. Mimi mtoto wa darasa la tatu nilikuwa nimeshusha nusu chupa. Nilitaka kusema chupa imeharibika. Nilitaka kusema Mwalimu kafanya kitu kwenye mpira, nikamgeukia nimwone usoni, na Mwalimu alikuwa amesimama vile vile anavyosimamaga njiani, kichwa upande, anasikiliza. Lakini macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Baba," akasema, "kule chini mlipokuwa mkitoboa mwamba, mlijifunika pua?"

"Tujifunike na nini? Vumbi lilikuwa jingi, taa ya mwenzako huioni."

"Na wale mliotoboa nao. Wako wapi sasa?"

Baba akafikiri. Akataja mmoja wa Tukuyu, kisha akanyamaza, kwa sababu alikumbuka huyo alishazikwa. Akataja mwingine, akaacha jina katikati. Mwalimu akavuta dawati akakaa mbele yake, akayashika magoti yake kama anavyoshikwa mzazi.

"Mjomba wangu alikuwa Chunya. Ndiye aliyenisomesha. Nilipokusikia mara ya kwanza pale njiani nilimsikia yeye, ni sauti moja. Nilitaka kukwambia, nikaogopa, mimi mgeni. Ni vumbi la jiwe, baba. Linaingia kwenye mapafu linakaa. Nenda hospitali Mbeya wakutazame, usikae. Lakini sitakudanganya. Mjomba walimpa dawa ya kikohozi tu. Walisema vumbi hilo halitoki."

Mama ndiye aliyezungumza. Alikuwa amelikumbatia lile koti. "Hao majirani, basi?"

"Hawana kosa, mama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Mama alimtazama kwa hasira, hasira ya kweli, nami nikamkasirikia naye. "Sasa hilo vumbi," mama akasema, "lina mwenyewe? Lina kwao? Nielekeze, nitamwendea. Nitampikia ulezi mwingine. Kama nimeweza kuwaita watu wote hawa, na yeye nitamwita aje aseme tulimuudhi nini." Baba akanyoosha mkono kulichukua koti lake. "Twende, mama Atu. Kutaingia giza."

Tulirudi polepole, baba akiegemea baiskeli yake na kusimama kila baada ya kidogo. Tulipofika karibu na kwao Tusekile, baba yake alituona, akaacha jembe lake akaja. Hakuuliza. Alichukua baiskeli akaiegemeza kwenye mgomba, akajiweka chini ya kwapa la baba kama zamani walivyobebana, wakaanza kutembea. Mimi nilitembea ubavuni kwake, karibu kabisa, macho yangu mdomoni mwake. Alikuwa anahema kwa uzito wa baba, jasho linamtiririka, midomo imepasuka kwa baridi. Niliangalia, nikaangalia, natafuta hata kidogo tu cha kumshuku. Nilitaka sana awe yeye. Sikukipata, na ndipo nilipoanza kulia.